Arifa ya Mahakama na Saa ya Sheria: Mfumo wa Kielektroniki wa Mashauri Kilosa na Mikumi

Arifa, kwa maana inayotumika katika mifumo ya kompyuta, ni ujumbe mfupi ambao mfumo humpelekea mtu bila yeye kuuomba, ili ajue kwamba jambo linalomhusu limetokea au linakaribia kutokea, na katika shughuli nyingi za kila siku ujumbe wa namna hiyo ukichelewa, au ukifutwa kabla ya kusomwa, aliyeukosa hapati hasara ya maana. Arifa ya mahakama ina uzito mwingine, kwa sababu nyuma yake kuna saa ya sheria, yaani muda uliowekwa na sheria au kanuni ambao ukipita, mlango wa kujibu madai, wa kukata rufaa au wa kusikilizwa hufungwa, na kuufungua tena huhitaji maombi mapya, kiapo kipya na sababu zitakazomridhisha jaji au hakimu. Ugumu wa kuzielewa arifa hizi katika mazingira kama ya Kilosa na Mikumi hautokani na uchache wa simu wala ugeni wa kompyuta peke yake, bali hutokana hasa na jambo hili: kwamba jumbe zenye matokeo tofauti kabisa kisheria hufika kwenye simu ileile, kwa mlio uleule na kwa ufupi uleule, ilhali moja ni risiti tu, nyingine imekwisha kuisimamisha saa ya sheria, na nyingine imeianzisha.

Mfumo wenyewe ulikuja kwa hatua. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki zilitungwa chini ya Sheria ya Utekelezaji na Matumizi ya Sheria na kutangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 148 la mwaka 2018, na kwa miaka kadhaa usajili ulifanyika kupitia mfumo wa takwimu za mashauri ambao mawakili waliuzoea kwa kifupisho chake cha JSDS. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 Mahakama ya Tanzania ilihamia kwenye mfumo mpana zaidi wa kusimamia mashauri, unaojulikana kama e-CMS, ambao hubeba shauri tangu linaposajiliwa hadi uamuzi unapotolewa. Mwelekeo huo ulikuwa umekwisha kutangazwa: Siku ya Sheria ya mwaka 2022, wakati Profesa Ibrahim Hamis Juma akiwa Jaji Mkuu, ilikuwa na kaulimbiu iliyozungumzia zama za mapinduzi ya nne ya viwanda na safari ya kuelekea Mahakama Mtandao.

Ili kuona kwa nini safari hiyo inaigusa Kilosa kwa namna ya pekee, yafaa kuitazama ramani. Wilaya ya Kilosa ni kubwa, na makao yake yako kwenye mji wa Kilosa uliojengwa kando ya mto Mkondoa na Reli ya Kati, wakati Mikumi, mji mdogo uliokua kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na kwenye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara, uko zaidi ya kilometa 70 kusini yake, kwa barabara inayopita Ulaya na vijiji vya bonde hilo. (Hiyo Ulaya ni kata ya Kilosa, wala si bara, na mgeni anayesoma anwani katika hati ya madai hupaswa kulijua hilo.) Mtu wa Mikumi au wa milima ya Vidunda mwenye shauri katika Mahakama ya Wilaya hulazimika kwenda Kilosa mjini, na rufaa ikipanda humpeleka Morogoro, ambako Mahakama Kuu ina masjala ndogo katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichofunguliwa mwaka 2021. Kwa utaratibu wa zamani, mdaawa, yaani mtu aliye upande wowote wa shauri, aliweza kutumia nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi ili tu aambiwe na karani kwamba hakimu yuko safarini na shauri limeahirishwa, na masika yakikaza, Mkondoa ukafurika, hata safari hiyo ya bure haikuwezekana. Ujumbe mmoja wa simu unaosema kwamba tarehe imebadilika humwokolea mtu huyo fedha ambayo kwake ni mbolea au ada ya mtoto, na anayejadili kasoro za arifa bila kuanza na faida hiyo hawatendei haki waliozibuni.

Arifa hizi zaweza kugawanywa katika makundi matatu, na la kwanza ni lile linalomhusu mtu anayewasilisha nyaraka. Mtu huyo, au wakili wake, hufungua akaunti kwenye mfumo, hupakia hati yake ikiwa imekwisha kuskaniwa, na baada ya hapo hupata jumbe zinazofuatana: kwamba hati imefika, kwamba imekubaliwa au imekataliwa na ofisa wa mahakama, kwamba imetolewa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa ajili ya ada, na kwamba shauri limepewa namba na kupangiwa hakimu au jaji. Katika kanuni za mwaka 2018, hati iliyotumwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa imewasilishwa siku hiyohiyo, isipokuwa kama mahakama imeweka saa nyingine au hati yenyewe imekataliwa, na ile inayotumwa katika siku isiyo ya kazi huhesabiwa kuwa ya siku ya kazi inayofuata. Hilo ni badiliko kubwa kwa mkazi wa Kilosa, kwa kuwa dirisha la masjala, lililokuwa likifungwa jioni, sasa linabaki wazi mpaka usiku wa manane.

Hata hivyo neno “isipokuwa” lililomo katika kanuni hiyo limebeba mzigo mzito. Arifa ya kwanza, ile inayosema kwamba hati imepokelewa, ni kauli ya mashine tu. Inathibitisha kwamba faili limefika kwenye kompyuta ya mahakama, na haisemi kama limefika kwa umbo linalotakiwa, kama kifungu cha sheria kilichotajwa ni sahihi, wala kama limepelekwa kwenye mahakama yenye mamlaka. Ofisa akilikagua siku ya tatu na kulikataa, mwenye hati anaweza kujikuta siku ya mwisho ya rufaa imepita huku yeye akiwa ametulia kwa kuamini ujumbe wa kwanza. Tatizo la pili ni la ada. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa katika mkusanyiko wa hukumu wa mwaka 1992, ilisema kwamba tarehe ya kuwasilisha hati ni tarehe ya kulipa ada, na kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake katika zama za kaunta, wakati karani alipopokea karatasi kwa mkono mmoja na fedha kwa mkono wa pili. Katika mfumo wa sasa vitendo hivyo viwili vimetenganishwa, kwani hati hutumwa leo, hukubaliwa kesho, namba ya malipo huja kesho kutwa, na ada hulipwa pale mwenye nayo anapoipata. Majaji wa Mahakama Kuu hawajakuwa na sauti moja juu ya suala hili: wapo waliosema kwamba tarehe inayohesabika ni ile ya kutuma kwenye mfumo, kwa sababu kanuni za 2018 zimesema hivyo bila kutaja ada, na wapo walioshikilia kwamba bila ada hakuna kilichowasilishwa. Hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa muda unaopita kati ya kutuma hati na kupata namba ya malipo uko mikononi mwa mahakama, na si haki mtu kuhesabiwa siku ambazo hakuwa na uwezo wa kuzifupisha. Lakini mwenye busara, maadamu hali iko hivyo, hulipa ada siku anayopata namba na kuitunza risiti.

Msomi wa sheria anayeandika akiwa mjini anaweza kudhani kwamba jumbe hizi husomwa na yule aliyetumiwa. Kilosa hali huwa tofauti mara nyingi. Mdaawa asiye na wakili huenda kwenye steshenari iliyo jirani na mahakama, ambako kijana mwenye kompyuta na skana humpigia chapa hati yake, humskania viambatisho, humfungulia akaunti na kuipakia, kwa malipo ya kurasa. Katika hatua ya kuweka anwani ya barua pepe, mteja asiyekuwa nayo huandikiwa ya steshenari au hufunguliwa mpya ambayo neno lake la siri linabaki kwenye daftari la dukani. Tangu hapo arifa zote zinazokwenda kwa barua pepe zinamwendea mtu asiye na shauri, asiye na wajibu wowote wa kisheria, na ambaye mwezi ujao anaweza kuwa amehamia Dumila au Morogoro. Hakuna aliyefanya hila hapo. Kijana wa steshenari ametoa huduma ambayo bila yeye isingekuwapo kabisa, na kwa watu wengi yeye ndiye masjala wanayoijua. Lakini kwa macho ya mfumo, mdaawa amearifiwa.

Kanuni zimefikiria pia siku ambayo mfumo wenyewe unagoma. Aliyezuiwa na hitilafu ya kiufundi kuwasilisha hati ndani ya muda anatakiwa kumweleza msajili au hakimu mfawidhi, hata kwa njia isiyo rasmi na bila upande wa pili kuwapo, kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi inayofuata, ili aombe nafuu. Utaratibu huo ni mwepesi na wa kupongezwa, ila umejengwa juu ya dhana kwamba hitilafu ni ya saa chache. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo mtu wa Mikumi ambaye siku yake ya mwisho ilikuwa Jumatatu alikuwa na hadi alasiri ya Jumanne kumfikia ofisa wa mahakama, na njia ya uhakika iliyobaki ilikuwa ileile ya basi. Kwa hiyo arifa ya kwamba mfumo uko chini, ikitolewa na Mahakama yenyewe kwa ujumbe wa simu wa kawaida usiohitaji intaneti, na kubandikwa mbaoni katika kila mahakama, ingekuwa na thamani kuliko arifa nyingi zinazotolewa mfumo ukiwa mzima, kwa sababu ingempa kila aliyekwama ushahidi mmoja ambao hahitaji kuutafuta.

Kundi la pili ni zito zaidi, nalo ni la arifa zinazomwendea mtu ambaye hakuwasilisha chochote, yaani anayeshtakiwa au anayedaiwa. Katika shauri la madai lililofunguliwa Mahakama ya Wilaya au juu yake, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha maelezo yake ya utetezi kwa maandishi, na siku hizo huanza kuhesabiwa pale anapofikishiwa wito, ambao wengi huuita samansi. Akinyamaza, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu ambayo itauza shamba lake. Kwa sababu ya uzito huo sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai haikuridhika kamwe na tangazo la jumla. Ilitaka wito ukabidhiwe mkononi mwa mhusika au mtu mzima wa nyumba yake, atie sahihi, na akikataa ubandikwe mlangoni, kisha aliyeupeleka aape kwa maandishi jinsi alivyoupeleka. Kazi hiyo hufanywa na wasambaza nyaraka walio chini ya kanuni za mwaka 2017 za madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka, na vijijini mara nyingi hupitia kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, ambaye hugonga mhuri wake nyuma ya hati na kuandika kwamba mhusika amepatikana, amehama, au amekataa kusaini.

Mhuri huo wa mwenyekiti unastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kudhaniwa kuwa ni mabaki ya zamani. Mwenyekiti wa kitongoji kilicho kati ya Ulaya na Mikumi anajua kwamba mdaiwa amekwenda na ng'ombe upande wa mto na hatarudi mpaka mvua zinyeshe. Anajua kwamba wapo watu wawili wenye jina moja la ukoo na kwamba anayetafutwa ni yule mdogo. Anajua kwamba mzee hasomi lakini binti yake anasoma. Ujumbe wa simu haujui lolote katika hayo. Wenyewe unajua namba tu, na mfumo ukisema kwamba ujumbe umefika, maana yake ni kwamba umefika kwenye kadi ya simu. Wilaya yenye historia ndefu ya migogoro kati ya wakulima na wafugaji, ambayo mwezi Desemba 2000 ilimwaga damu ya makumi ya watu katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, haiwezi kuchukulia kuwa ni jambo dogo iwapo mtu aliyepoteza ardhi kwa hukumu anaweza kusema kwa kweli kwamba hakuwahi kujua kama kuna kesi.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa njia zinazofaa kulinganishwa. Kenya, kwa marekebisho ya kanuni za mwenendo wa madai ya mwaka 2020, iliruhusu wito upelekwe kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, kwenye anwani au namba ya mwisho ambayo mhusika anajulikana kuitumia, na ikasema kwamba wito huhesabiwa kuwa umefika pale mtumaji anapopata uthibitisho wa kufikishwa, uthibitisho ambao huambatishwa kwenye kiapo chake. Marekani, ambako mahakama za shirikisho zimetumia uwasilishaji wa kielektroniki kwa zaidi ya miaka 20, arifa inayotolewa na mfumo kila hati inapowasilishwa huhesabiwa, tangu marekebisho ya Desemba 2018, kuwa ndiyo ufikishaji wenyewe kwa kila aliyesajiliwa, na hakuna haja ya kutuma nakala nyingine. Ila haihesabiwi iwapo mtumaji amejua kwamba haikumfikia mlengwa. La kuzingatiwa ni kwamba hata huko wito wa kwanza, ule unaomwingiza mtu katika shauri, hauko chini ya kanuni hiyo. Mtu huarifiwa kupitia mfumo kwa kuwa ameingia kwenye mfumo, na kabla hajaingia hutafutwa kwa miguu.

Tofauti hiyo kati ya aliyeingia na ambaye hajaingia ndiyo inayofaa kuongoza matumizi ya arifa Kilosa, Mikumi na kwingineko nchini. Wakili aliyefungua akaunti, anayeingia kila siku, aliyejaza namba na anwani zake mwenyewe, hana malalamiko ya haki akiambiwa kwamba arifa iliyotua kwenye akaunti yake Jumatatu imemfikia Jumatatu. Mdaiwa ambaye namba yake imejazwa na mdai, mtu ambaye ni hasimu wake, yuko katika nafasi nyingine kabisa, na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, haiwezi kutimizwa kwa kupiga mlio kwenye simu ambayo haijulikani ni ya nani. Ni kweli kwamba Ibara ya 107A ya Katiba hiyohiyo inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na wapo wadaiwa wanaomkimbia msambaza nyaraka kwa makusudi. Lakini kwa hao sheria ina dawa ya siku nyingi, ya kubandika na kutangaza gazetini kwa amri ya mahakama, na ujumbe wa simu unaweza kuongezwa hapo kama msaada wa wito wa mkono, si kama mbadala wake.

Kundi la tatu la arifa halijadiliwi sana, ingawa ndilo lenye historia inayofundisha kuliko yote: arifa kwamba nakala ya hukumu, amri au mwenendo wa shauri iko tayari. Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani hutoa taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe huiwasilisha ndani ya siku 60 za taarifa hiyo. Lakini hawezi kuiandaa bila mwenendo wa shauri uliochapwa, na uchapaji huo uko mikononi mwa msajili. Kanuni zinaruhusu muda wa kusubiri nakala uondolewe katika hesabu, kwa cheti cha ucheleweshaji kinachotolewa na msajili, mradi nakala ziliombwa kwa maandishi ndani ya siku 30 na upande wa pili ukapewa nakala ya barua hiyo. Swali lilikuwa: je, aliyekwisha kuomba anapaswa kufuatilia, au akae asubiri aitwe? Katika shauri la Transcontinental Forwarders dhidi ya Tanganyika Motors, lililoripotiwa mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba aliyetimiza sharti la kuomba hana wajibu wa kumkumbusha msajili. Jibu hilo liliwalinda wengi, na pia liliziacha rufaa nyingine zilale kwa miaka. Marekebisho ya mwaka 2019 yalikata mzizi huo: msajili anatakiwa kuziandaa nakala ndani ya siku 90, na mrufani anatakiwa kwenda kuzichukua anapoarifiwa, au, asipoarifiwa, ndani ya siku 14 baada ya siku hizo 90 kwisha.

Maana ya kanuni hiyo kwa mtu anayesubiri ujumbe haijaenea vya kutosha. Arifa ya msajili ikitoka, tarehe yake ndiyo inayoweka ukomo wa siku zinazosamehewa, hata kama mrufani alikwenda Morogoro wiki mbili baadaye; na ukimya wa simu nao, baada ya siku ya 90, una nguvu ya kisheria sawa na arifa. Hapo ndipo mazoea ya simu yanapompotosha mtu, kwa kuwa simu imemfundisha kwamba palipo kimya hakuna jipya. Kwa rufaa za ngazi za chini, ambazo ndizo nyingi Kilosa, hesabu ni fupi zaidi na hazina msajili wa kumsubiri: siku 30 kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, na siku 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ambazo huanza pale uamuzi unapotolewa.

Yapo pia mambo ya simu yenyewe. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa mwaka 2020, kila namba Tanzania ina jina la mtu aliyeisajili kwa kitambulisho cha taifa, lakini jina hilo si lazima liwe la anayeitumia, kwani mzee asiyekuwa na kitambulisho hutumia laini ya mwanawe, na mke hutumia ya mumewe. Simu moja ya kitochi inaweza kuhudumia nyumba nzima. Katika shauri la madai ya mbao hilo halina ubaya. Katika shauri la talaka, la matunzo ya mtoto au la mirathi, ujumbe unaotaja majina ya wadaawa na aina ya shauri unaweza kusomwa kwanza na mtu ambaye mwenye shauri alikuwa akimwogopa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika na zisifike kwa wasiohusika, na kwa mwanamke wa Mikumi aliyefungua shauri kwa siri ili awe salama, matakwa hayo yanagusa usalama wa mwili wake.

Halafu kuna utapeli. Nchi nzima inaujua ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na kwa miaka mingi Mamlaka ya Mawasiliano imewataka wananchi watume namba za matapeli kwenda 15040 na wasijibu jumbe za watu wasiowajua wanaotaja malipo. Mwananchi aliyelishika vyema somo hilo atafanya nini atakapopata ujumbe wenye namba ndefu ya shauri na namba ya kumbukumbu ya malipo, unaomtaka alipe kabla ya siku fulani? Ataufuta, na atakuwa ametii. Kinachoweza kuutofautisha ujumbe wa mahakama na wa tapeli ni jina la mtumaji lisilobadilika, na njia ya kuuhakiki bila intaneti, hasa kwa kumwonyesha karani wa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, hata kama shauri lenyewe liko Kilosa mjini au Morogoro.

Lugha ni suala ambalo limekwisha kupata jibu kisheria, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini jibu hilo lina maana pale tu maneno yanapochaguliwa vizuri. Ujumbe unaosema kwamba “shauri limepangwa kwa kutajwa” ni wa Kiswahili, na bado mkulima wa Kimamba hajui kama aende na mashahidi au asiende. Kutajwa ni kikao cha kuangalia hatua ambayo shauri limefikia, na mashahidi hawahitajiki; kusikilizwa ni siku ya ushahidi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni nauli ya watu watatu kwenda na kurudi. Ujumbe ulio kamili ungesema jina la mahakama na mahali ilipo, namba ya shauri, kitakachofanyika na tarehe yake, kinachotakiwa kwa mpokeaji na mwisho wa kukifanya. Ungetaja siku ya wiki pamoja na tarehe, kwa kuwa watu huihesabu wiki kwa siku za gulio. Na saa ungeitaja kwa Kiswahili, saa 3 asubuhi, si kwa tarakimu za kompyuta zinazoisoma saa hiyo kuwa 9, ambazo zimekwisha kumfikisha mtu mahakamani alasiri wakati shauri lake limeitwa asubuhi. Hayo yote yanaenea katika jumbe mbili za simu ya kawaida.

Mwishowe kila arifa ni ushahidi, na siku ya mabishano ndipo thamani yake hupimwa. Anayeomba kuongezewa muda, kwa vigezo ambavyo Mahakama ya Rufani iliviweka katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010, anatakiwa pamoja na mambo mengine aeleze muda wote aliochelewa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazikubali kumbukumbu za kompyuta kama ushahidi, uzito wake ukitegemea jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kumbukumbu za ndani za mfumo, zinazoonyesha ujumbe gani ulitumwa, saa ngapi, kwa namba ipi, na kama uliwahi kufika au ulirudi, ndizo zinazoweza kumwokoa aliyekosa arifa au kumuumbua anayedanganya kwamba aliikosa. Lakini kumbukumbu hizo zinatunzwa na Mahakama, si na mdaawa, ambaye mkononi ana simu inayofuta jumbe za zamani nafasi inapojaa. Mwenyekiti wa kitongoji alipogonga mhuri nyuma ya wito, nakala moja ilirudi mahakamani na nyingine ilibaki kwa mhusika, ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, Kurani au kasha la bati. Kwa arifa za sasa nakala hiyo ya pili haipo, mpaka mdaawa atakapoweza kufika katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu naye, akataja namba ya shauri lake, na karani akamchapia orodha ya kila alichotumiwa, yenye tarehe, saa na mhuri.